Krimu ya "tatu kwa moja": maswali ninayoulizwa kila siku kaunta

Nauza dawa kwenye famasi Dar es Salaam, na kuanzia joto la Desemba mpaka masika yaishe, wateja wa ngozi hawakatiki. Wengi hawataji ugonjwa. Wanakunja shati kidogo, wanajikuna, wanasema, "Dokta, nipe ile tyubu ya kila kitu." Wanamaanisha ile krimu ndogo ya gramu 10 au 15 yenye dawa tatu ndani yake. Haya ndiyo maswali yanayorudi, na majibu ambayo huwa nayatoa vizuri pale tu ambapo hakuna foleni.

Hiyo krimu ya kila kitu ina nini ndani?

Geuza boksi usome maandishi madogo. Achana na jina kubwa la mbele, hilo ni la kampuni na kila mwaka yanakuja mapya. Nyuma utakuta dawa tatu.

Ya kwanza ni ya kuua fangasi: mara nyingi Clotrimazole asilimia 1 au Miconazole asilimia 2. Ya pili ni antibayotiki ya bakteria: Gentamicin au Neomycin. Ya tatu ni steroidi: Betamethasone, Beclomethasone au Clobetasol. Nimeyaacha majina kama yanavyoandikwa kwenye boksi ili uweze kuyalinganisha.

Hiyo ya tatu ndiyo watu hawaambiwi. Steroidi haiui fangasi wala bakteria. Kazi yake ni kutuliza: inapunguza nguvu ya kinga ya mwili pale ulipopaka, wekundu unashuka, uvimbe unanywea, muwasho unakatika. Nazo hazilingani nguvu. Hydrocortisone ya asilimia 1 ni pole. Betamethasone ya kwenye krimu hizi ni kali. Clobetasol iko kwenye kundi la steroidi kali kuliko zote za kupaka. Ukiniuliza neno gani la kutafuta kwanza kwenye boksi, ni hilo.

Mbona muwasho unaisha siku ya pili, halafu baada ya wiki ugonjwa unarudi mkubwa zaidi?

Kwa sababu dawa mbili zinakimbia mbio tofauti. Steroidi inafika ndani ya siku moja au mbili. Dawa ya fangasi inahitaji wiki mbili, tatu, nne. Siku ya nne unajiona mzima, unaifunga tyubu, unaiweka kabatini. Kilichotulia ni ngozi yako. Fangasi bado yupo, tena sasa amebaki kwenye ngozi ambayo ulinzi wake umelazwa usingizi. Kupoa si kupona.

Kuna jambo la pili, baya zaidi. Choa, ambacho wengine huita mashilingi, kina sura yake: duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, katikati pasafi. Sura ile ndiyo inayomsaidia daktari kukitambua kwa macho. Ukikipaka steroidi, ukingo unalala, duara linapotea, kinatambaa kimya kimya na kuacha vipele vidogo vilivyotawanyika. Mwaka 1968 madaktari wawili wa Uingereza, Ive na Marks, walikipa jina la Kilatini lenye maana ya choa kilichojificha. Mpaka leo madaktari wa ngozi wanalitumia, na kwetu hapa hawakosi pa kulitumia.

Nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii, mama mmoja alinunua kwangu tyubu tatu ndani ya miezi miwili, "za mtoto". Sikuomba kumwona mtoto. Safari ya nne akaja naye, amevaa sare ya shule, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Alipoivua, choa kilichoanza shavuni kwa ukubwa wa sarafu kilikuwa kimeshuka hadi shingoni, ukingo hauonekani, vipele vyenye usaha huku na huku, na shavu lenyewe limekuwa jembamba, linang'aa, jeupe kuliko upande wa pili. Tyubu zote tatu nilimuuzia mimi, na kila mara nilimrudishia chenji na kumwambia karibu tena. Tangu siku ile naomba kuona kwanza. Kama mahali penyewe pana aibu, namwomba mteja anichoree kwenye karatasi. Watu wanachora vizuri kuliko unavyodhani.

Basi nina choa mkononi, au fangasi wa miguuni. Ninunue nini?

Dawa ya fangasi iliyo peke yake. Clotrimazole asilimia 1, Miconazole asilimia 2 au Terbinafine asilimia 1. Hazina steroidi, na kwa kawaida tyubu ya Clotrimazole ni rahisi kuliko ile ya mchanganyiko. Paka asubuhi na jioni juu ya ngozi iliyooshwa ikakauka kabisa, na uvuke ukingo wa duara kwa upana wa vidole viwili hivi, maana fangasi ametangulia mbele ya pale unapomwona. Dalili zikiisha, endelea wiki moja au mbili nyingine. Jumla itakuja wiki mbili mpaka nne. Terbinafine huhitaji siku pungufu ya hizo. Fuata karatasi ya ndani.

Siku tatu nne za mwanzo utaendelea kuwashwa, na hapo ndipo watu wanarudi kunilaumu kwamba nimewapa dawa ya bei rahisi isiyofanya kazi. Vumilia. Ukibanwa na muwasho wa usiku, kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi kinasaidia.

Kuna pia dawa ya kizamani ambayo vijana hawaijui: mafuta ya Whitfield, asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3. Kwa miaka mingi yalikuwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwa ngozi ngumu ya nyayo yanafanya kazi nzuri. Yanachoma, kwa hiyo usiyapake usoni, kinenani wala penye michubuko.

Kwa hiyo krimu ya mchanganyiko haina kazi kabisa?

Inayo, ila ndogo kuliko inavyouzwa. Tuseme mtu ana pumu ya ngozi ambayo imeingiwa na bakteria na fangasi kwa pamoja, au fangasi wa kinenani amewaka mpaka ngozi imevimba na kulowa. Mtu aliyemwona mgonjwa na kujua anachotibu anaweza kumwandikia kwa siku chache, muwaka ushuke, kisha ahamie dawa ya fangasi pekee. Marekani, ambako Clotrimazole na Betamethasone vimechanganywa kwenye krimu moja tangu miaka ya 1980, maelekezo yake yanasema: mwilini na kinenani isizidi wiki mbili, miguuni isizidi wiki nne, isizidi gramu 45 kwa wiki, na haipendekezwi kwa aliye chini ya miaka 17. Huko inatoka kwa cheti cha daktari. Hapa mtoto anatumwa na noti, anarudi nayo na pipi.

Mtanisamehe, lakini kama ningepewa kupanga rafu peke yangu, krimu hizi zingekaa nyuma ya kaunta, mahali ambapo lazima uongee na mtu ndipo uipate.

Ni sehemu gani za mwili nisizipake?

Usoni, kwenye kope, kwapani, chini ya matiti, kinenani na sehemu za siri, isipokuwa daktari ameandika na ametaja siku. Sababu ni kwamba ngozi si moja. Mwaka 1967 watafiti Feldmann na Maibach walipima jinsi hydrocortisone inavyofyonzwa sehemu mbalimbali za mwili. Ukilinganisha na ngozi ya mkono, chini ya kiwiko, paji la uso lilifyonza mara 6 hivi, na mfuko wa korodani mara 42. Sasa chukua dereva wa bodaboda: amekaa kwenye siti ya plastiki saa kumi, suruali ya jinsi, jasho, mapaja yanasuguana. Anapaka steroidi kali kinenani asubuhi na jioni kwa miezi mitatu. Akija kwangu anaonyesha michirizi ya zambarau kwenye mapaja, mipana kama ya mama aliyejifungua. Michirizi hiyo hufifia rangi, lakini haifutiki.

Karibu na macho kuna hatari nyingine. Steroidi ikipakwa kwenye kope kwa muda mrefu inaweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Na usiifunike kwa plastiki au bandeji ngumu ili "iingie vizuri". Itaingia kweli, na zaidi ya unavyotaka.

Nipake kiasi gani? Karatasi inasema "kiasi kidogo tu".

Tumia kidole chako cha shahada. Kamua mstari wa krimu kuanzia ncha ya kidole mpaka kwenye mkunjo wa kwanza. Huo ni takribani nusu gramu, unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo. Kipimo hiki kinatumika na madaktari wa ngozi duniani kote tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Choa cha ukubwa wa kikombe cha kahawa hakihitaji hata robo ya mstari huo. Paka, sugua taratibu mpaka isionekane nyeupe, nawa mikono. Kama ni mikono yenyewe unayotibu, usinawe.

Mtoto ana vipele vya pampasi. Bibi yake anasema ile krimu ilimsaidia dada yake.

Shikamoo bibi, lakini hapana. Nepi au pampasi ni plastiki iliyofunika ngozi laini yenye joto na unyevu. Steroidi kali ikiwekwa chini yake inaingia mwilini kwa wingi, na mwili wa mtoto ni mdogo. Wapo watoto wanaoishia kuwa na uso wa mviringo kama mwezi, mashavu yamejaa, watu wanasifia kwamba amenenepa, kumbe ni dawa. Tezi zake za juu ya figo zimeacha kutengeneza homoni yake mwenyewe, na urefu wake unaweza kusimama.

Fanya hivi: mwache mtoto bila nepi kila unapopata nafasi, mbadilishe mapema, muoshe kwa maji bila sabuni kali, umpake mafuta yenye zinki. Ukiona wekundu mkali umeingia mpaka kwenye mikunjo ya mapaja, na vipele vidogo vimezunguka pembeni kama visiwa, huyo ni fangasi, Clotrimazole pekee inatosha. Isipotulia ndani ya wiki, mpeleke kliniki.

Mapunye ya kichwani yanapona kwa krimu?

Hayaponi, si kwa ya mchanganyiko wala ya kawaida. Fangasi wa mapunye amejichimbia ndani ya unywele na mzizi wake, krimu haifiki kule. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kwa kawaida Griseofulvin kwa wiki 6 hadi 8, inayomezwa na chakula chenye mafuta, glasi ya maziwa kwa mfano, kwa sababu hapo ndipo inafyonzwa vizuri, au Terbinafine kwa wiki pungufu ya hizo. Dozi inapimwa kwa uzito. Shampuu ya Ketoconazole au ya selenium sulfide inapunguza kuambukiza wengine lakini haitibu peke yake. Angalia na vichwa vya ndugu zake, na paka wa nyumbani kama ana sehemu amenyonyoka. Mashine ya kinyozi isafishwe. Hili mwambie kinyozi mwenyewe, usimwogope.

Nyumba nzima tunajikuna usiku. Tyubu moja inatosha watu wangapi?

Swali hili linanipa jibu kabla sijaona ngozi. Muwasho unaozidi usiku, uliopo katikati ya vidole, kwenye viganja karibu na kifundo, kiunoni, kwenye matako, na ulioshika zaidi ya mtu mmoja, ni upele mpaka ithibitike vinginevyo. Upele unaletwa na mdudu anayechimba ngozi. Krimu ya tatu kwa moja haimgusi. Steroidi itawapa usingizi wa siku mbili, wadudu wazaliane kwa raha zao.

Dawa ni Permethrin asilimia 5 au BBE, yaani benzyl benzoate asilimia 25, ambayo kwa watoto huzimuliwa. Au vidonge vya Ivermectin kwa atakayeandikiwa. Wote mnapaka siku moja, pamoja na asiyewashwa, pamoja na dada wa kazi na mjomba aliyelala kochini. Kuanzia shingoni mpaka kwenye nyayo, mkiingiza chini ya kucha. Shuka, taulo na nguo za siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Visivyofulika vifungwe kwenye mfuko wa plastiki siku tatu au zaidi. Rudieni baada ya wiki moja. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hata nne baada ya wadudu kufa, kwa hiyo msiendelee kupaka kila siku mkijichoma ngozi.

Na vile vidonda vyenye maganda ya njano puani na mdomoni kwa watoto?

Maganda rangi ya asali ni kazi ya bakteria. Mtoto hahitaji dawa ya fangasi, na steroidi itamharibia. Loweka maganda kwa maji ya vuguvugu na sabuni yatoke taratibu, kisha mupirocin au fusidic acid ya kupaka kama vidonda ni vichache. Vikiwa vingi, au mtoto ana homa, anahitaji antibayotiki ya kumeza. Wiki chache baadaye ukiona uso umevimba asubuhi au mkojo umekuwa kama soda ya kola, kimbia hospitali: mojawapo ya bakteria hao huweza kuachia figo madhara.

Majipu, malengelenge ya mkanda wa jeshi, tete kuwanga: kote huko hii krimu haina nafasi.

Nina baka haliumi wala haliwashi. Nipake tu nione?

Usipake. Chukua uzi wa pamba, fumba macho, mtu akuguse nao ndani ya baka na nje yake. Usipohisi ndani, nenda kituo cha afya wiki hii hii. Baka lililofifia lenye ganzi linaweza kuwa ukoma. Bado upo, unatibika kabisa, na dawa zake hutolewa bure. Kinachoharibu vidole ni kuchelewa, na hakuna kinachochelewesha kama miezi sita ya kubadilisha tyubu.

Nimeona pale nilipopaka pamekuwa peupe. Naweza kupaka uso mzima?

Wateja wachache huuliza wazi hivi. Wengi wananunua tyubu nane kwa mpigo, na hakuna fangasi anayehitaji tyubu nane. Wanaenda kukorogea kwenye losheni. Najua, ninyi mnajua, na mkorogo una majina mtaa kwa mtaa.

Weupe ule ni dalili ya madhara. Steroidi inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, na sambamba na hilo inaila unene. Baada ya miezi uso unaota chunusi ngumu, vijishipa vyekundu vinaonekana kwa chini, nywele zinaota kwenye mashavu, jua linachoma kama maji ya moto. Wengine wanapandisha sukari na presha. Kwa mtu anayetakiwa kushonwa, mshono wenyewe unasumbua kushika kwa sababu ngozi imekuwa dhaifu.

Nimeshaitumia miezi mingi. Niache leo?

Kama ni wiki mbili tatu mahali padogo, acha tu, hamia dawa inayofaa. Kama ni miezi, usoni au mwilini kwote, usiache peke yako. Ngozi iliyozoea steroidi ikinyimwa ghafla huwaka: inakuwa nyekundu, inachoma, inatoa vipele kuliko mwanzo, na hapo ndipo mtu anakimbilia tyubu nyingine, mzunguko unaendelea. Ukiwa na uchovu usioeleweka, kizunguzungu unaposimama, kichefuchefu, hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Daktari atakupunguzia hatua kwa hatua.

Unapokwenda, beba tyubu zote ulizotumia, hata zilizokwisha. Usione haya. Ataweza kukwangua magamba kidogo na kuyatazama kwa hadubini kama kuna fangasi, kipimo cha dakika chache. Tanzania tuna bahati ya kuwa na kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, na waliofunzwa pale utawakuta kwenye hospitali nyingi za mikoa na nchi jirani. Uliza hospitali yako kliniki ya ngozi ni siku gani.

Ni mjamzito. Ninanyonyesha.

Dawa ya fangasi pekee, kama Clotrimazole, hutumika sana kwa wajawazito. Steroidi kali eneo kubwa, hapana, mpaka daktari aseme. Matumizi mengi yamehusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Anayenyonyesha asipake chuchu wala kuizunguka.

Je, naweza kupata aleji na krimu yenyewe?

Ndiyo, na Neomycin inaongoza. Ukipaka, kisha pakazidi kuwasha na kutoa maji, usidhani dawa "inatoa ugonjwa nje". Acha. Pia Neomycin na Gentamicin zisipakwe kwenye jeraha kubwa lililo wazi au la moto: zikiingia damuni kwa wingi zinaweza kudhuru masikio na figo. Ukipata madhara, tuambie tuliokuuzia, nasi tunapaswa kuyaripoti TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa.

Nimetumia dawa sahihi wiki nne, fangasi haondoki. Dawa ni feki?

Inawezekana, lakini anza na mengine. Ulipaka kila siku? Unaoga na kuvaa nguo ileile? Mwenzako ana choa pia? Kama fangasi anarudi rudi au amesambaa, pima sukari na pima VVU. Nimeshaona kisukari kikigunduliwa kwa kuanzia na muwasho wa kinena.

Halafu kuna usugu. India kumeenea aina ya fangasi, Trichophyton indotineae, ambayo mara nyingi haisikii Terbinafine, na imeshaonekana Ulaya na Marekani pia. Wataalamu wengi wanalihusisha tatizo hilo na krimu za mchanganyiko zilizouzwa ovyo. Mwaka 2018 serikali ya India ilizuia steroidi kadhaa za kupaka zisiuzwe bila cheti. Sisi na India tunasafiriana sana, kwa matibabu, kwa biashara, kwa undugu. Ukipata choa kisichosikia dawa na ulikuwa safarini, mtajie daktari.

Nyumbani nifanye nini zaidi ya kupaka?

Kila mtu na taulo lake, likaukie juani, lisirundikwe nyuma ya mlango wa bafu. Futa katikati ya vidole vya miguu kama unavyofuta glasi ya mgeni. Vaa soksi kabla ya chupi: ukipitisha chupi juu ya mguu wenye fangasi, unambeba mwenyewe hadi kinenani. Ukivaa buti au sandozi za mpira kutwa nzima, uwe na jozi mbili za kubadilishana. Kanga au khanzu iliyolowa jasho isirudiwe kesho yake kwa sababu "haijachafuka".

Na jambo ambalo halisemwi: mafuta ya kupaka yenye parafini yanadhoofisha kondomu za mpira, na yakilowesha nguo huifanya ishike moto upesi. Kaa mbali na jiko la mkaa na koroboi ukiwa umejipaka mwili mzima.

Tyubu imebaki nusu. Niiweke?

Iangalie mkiani, pale ilipobanwa bapa. Hapo ndipo tarehe ya mwisho wa matumizi imegongwa, bila wino, kwa kubonyezwa tu. Sisi sote tunaanza kukunja tyubu kutoka mkiani, kwa hiyo baada ya wiki tarehe imeviringwa ndani na hakuna anayeweza kuisoma tena. Kamua kutoka katikati, au andika tarehe kwa kalamu kwenye boksi na ulitunze boksi. Andika na jina la mgonjwa, na siku ulipoifungua. Isikae juu ya kabati chini ya bati, ambako mchana kunapita nyuzi 30. Ikiwa imejitenga maji na mafuta, au imebadilika harufu, rudisha famasi tuiharibu.

Na jirani akigonga kuomba kidogo tu "ya mtoto", mwambie aje na mtoto.